Mzee wa Njiro, neno moja la ulevi halitoshi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, mkiona imekuwa ndefu kateni mnapotaka ila ile sehemu ya mgeni wa kambi ya Barafu mniachie, maana ndo iliyonifanya nikae chini nichape hii barua kwenye simu usiku huu wakati wenzangu wanaangalia mpira.

Mi ni gaidi wa mlima Kilimanjaro, naishi Pasua hapa Moshi. Gaidi maana yake muongoza watalii, uku kwetu ndo tunavyotamka, na kuna askari mmoja alihamishiwa huku kutoka mbali akasikia mtu anasema kwenye simu "magaidi sita wameshaingia getini na wageni wao", alisimama wima. Nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya watu kichwani, Kiingereza changu cha shule kiliishia njiani kingine nimekiokota mlimani, leo neno la Mkanada kesho neno la Mskochi, kwaiyo sarufi msinitegemee.

Sasa majuzi mlitoa barua ya mzee mmoja wa Njiro, Arusha, analalamikia ukurasa wenu wa kujifunza Kiingereza. Mliweka maneno ya mtaani ya kusema mtu kalewa, mzee akasema mnafundisha vijana uhuni, neno "drunk" lipo kwenye kamusi na linatosha. Mzee wangu shikamoo. Naheshimu mvi zako na nahisi Kiingereza chako ni kile cha viboko, kile kilichonyooka, ila hilo neno moja halitoshi na mimi ushahidi wangu nimeulipia hela yangu mfukoni.

Tulishuka na kundi la vijana wa Uingereza, njia ya Machame, wote wamefika kileleni Uhuru mita 5,895, wana furaha. Tukawarudisha hotelini hapa mjini mchana, wakaoga, wakaanza kupiga bia za Kili. Mi nikaenda kulala. Saa tano usiku simu inaita, kijana anaongea haraka na mziki nyuma, anasema rafiki yake ni "paralytic", kesho asubuhi safari ya mbugani hataweza. Hilo neno sikuwahi kulisikia ila kichwani kwangu likaja paralaizi, yani kapooza, na huyu mtu ametoka mlimani leo leo, nikasema basi hii ni stroku. Nikampigia dereva, dereva akamuamsha mkewe ambaye ni nesi, nesi anapiga kelele kwenye simu msimnyanyue, msimpe maji, mlazeni ubavu, tukakutana hotelini na bajaji mbili. Kufika mlangoni wenzake wamekaa wanacheka, jamaa kalala kwenye zulia kakumbatia buti moja anakoroma kama mashine ya kusaga. Nesi akainama akamnusa, akanyanyuka, akaniangalia. Hakusema kitu. Bajaji zote nililipa mimi.

Kumbe "paralytic" kwa Waingereza, Waayalandi na Waaustralia ni mtu aliyelewa mpaka viungo vinamgomea. Hapo "drunk" ya mzee ingenisaidia nini? Yule kijana hakuitumia. Hawaitumiagi! Miaka yote hii nimekaa na wageni, wale waliolewa kweli kweli sijui kama nimewahi kusikia hata watatu wanasema "I am drunk", kama vile sisi mtu hatoki kilabuni akisema "nimelewa", atasema nina stimu kidogo, niko vizuri, nimewaka, na akizidi kabisa atasema hajalewa.

Alafu kuna hili lingine, nisamehe mhariri maana asili yake ni mkojo. "Pissed". Muingereza akisema jana alikuwa "pissed" maana yake alikuwa amelewa. Mmarekani akisema hivohivo, alikuwa na hasira. Neno moja, herufi zilezile. Mi nililipata kwanza kwa Wamarekani, wao mizigo ikichelewa uwanja wa ndege wa KIA wanakuwa "pissed" wote. Basi siku moja tuko kambini Karatu baada ya mlima, mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima kabisa, bibi wa watu, kakaa mezani asubuhi anachanganya chai anasema kwa upole kwamba jana usiku wote walikuwa "pissed". Nikaanza kuomba msamaha. Chakula kilikuwa na tatizo? Mahema? Nikamuita mpishi aje ajieleze, mpishi kaja na kofia mkononi anatetemeka, yule mama anatuangalia haelewi, mpaka binti yake akatuokoa. Mpishi mpaka leo tukikutana Mbuyuni sokoni ananiita Bwana Hasira.

Na la tatu ni fupi. Tuko Mweka getini, tumemaliza, wageni wamefunguliwa bia zao za kwanza baada ya wiki nzima na tumbo halina kitu, dada mmoja kanywa nusu chupa anasema "I'm tipsy", yani kalewa kidogo. Mgumu mmoja mpya, ndo safari yake ya pili, alikuwa kakaa chini anafungua kamba za buti akaruka juu. Tipsi! Maana tipsi kwetu ni ile bahasha ya bakshishi. Akaenda kuwaambia wenzake, dakika mbili watu kumi na nane wamejipanga mstari wamevaa kofia vizuri wanaanza kuimba.

Sasa mzee wangu anasema huu ni uhuni wa vijana wa siku hizi. Hapana mzee, huu ni uzee. Yule mzee kwenye noti ya dola 100, ambaye kila gaidi hapa Moshi anamjua kwa sura kuliko anavyowajua wajomba zake, Benjamin Franklin, alikuwa mchapaji wa gazeti kule Philadelphia, na mwaka 1737 kwenye gazeti lake la Pennsylvania Gazette alitoa orodha ya maneno ya kusema mtu amelewa, zaidi ya 200, kayapanga kwa alfabeti kama kamusi. Mtu kaona kundi zima la miezi. Kichwa chake kimejaa nyuki. Kafika Barbados, ambako ramu ilikuwa inatoka. Anaelekea Yerusalemu. Kala chura mmoja na nusu asubuhi, hii sijawahi kuielewa lakini naipenda. Na kalewa kama toroli. Toroli la mizigo, lile la gurudumu moja, ukiliachia linaenda linakotaka. Na leo hii, karibu miaka 300 baadae, Waingereza bado wanasema mtu kawa "trolleyed", na neno letu toroli si limetoka hukohuko kwenye "trolley"? Nilivyoliunganisha hilo nilicheka peke yangu kwenye Noah mpaka abiria wakanikaa mbali.

Mhariri angalia pia kwamba ile orodha ilitoka gazetini. Kwaiyo nyie mliyoyaweka mko kwenye mstari wa wazee, msiogope.

Kuna wanaisimu wawili wa Ujerumani, Christina Sanchez-Stockhammer na Peter Uhrig, wamekusanya maneno ya Kiingereza ya ulevi wakafika 546, na walianzia kwenye utani wa mchekeshaji Michael McIntyre kwamba Muingereza wa tabaka la juu anaweza kuchukua neno lolote lile akaligeuza kuwa ulevi. Nilijaribu. Inakubali! Unachukua kitu, unakiwekea mkia wa -ed, mbele unaweka "totally", basi. "Gazebo" ni kile kibanda cha bustanini, mtu akiwa "totally gazeboed" kalewa chakari. "Carparked", yani kaegeshwa kama gari, kalewa. Nikawaambia wageni wangu wa Manchester kwamba jana usiku nilikuwa totally Kiborloni-d, hakuna aliyeniuliza Kiborloni ni nini, wote wakanipa pole. Yani lugha yenyewe imeshatengeneza shimo, chochote ukitumbukiza kinalewa.

Kiswahili hatufanyi hivo. Sisi tunamuacha "lewa" hapohapo mlangoni alafu tunampa mkia wa sauti: kalewa chakari, kalewa tilalila, kalewa bwii, kalewa nyang'anyang'a. Hebu sema tilalila polepole, unaona kabisa mtu anavyokuja na barabara yote ni yake. Bwii huyo hatembei tena. Alafu kuna yale ya kujificha, kapiga mtungi, yuko tungi, kachapa maji, kawaka, kazima. Hapo ndo tunapokutana na wazungu, kwenye vyombo vya kujaza. Sisi tuna mtungi, Mmarekani ana "tanked" na "loaded", tenki limejaa, lori limepakiwa. Mskochi ana "fou" ambayo ni kujaa tu, Robert Burns kaliweka kwenye shairi lake la Tam o' Shanter zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Muaustralia anasema kajaa kama "goog", na "goog" kwao ni yai. Yai bana. Fikiria, yai halina hata nafasi ya kuongeza tone.

Wengine wameibeba saiti nzima ya ujenzi: "plastered" kapigwa plasta, "hammered" kapigwa nyundo, "smashed" kavunjwavunjwa. Shemeji yangu ni fundi ujenzi Soweto hapa Moshi nikamsomea hayo, akasema hao waliotunga walikuwa mafundi Jumamosi baada ya malipo. Jikoni nako wamo, "pickled" kawekwa kama achari, "stewed" kachemshwa mchuzi. Mabaharia nao wana lao, "three sheets to the wind", na hapa hata wageni wenyewe wengi wanakosea wanafikiri "sheet" ni tanga au shuka, mi nilieleweshwa na mzee mmoja mwenye boti yake kwao, kwamba "sheet" ni ile kamba inayoshika tanga, kamba tatu zikiachia upepo tanga linapigapiga ovyo na chombo kinayumba. Nahodha wa jahazi Tanga angelielewa bila kutafsiriwa.

Ila ninalolipenda kuliko yote ni la Glasgow. Kule mtu aliyelewa ni "steaming", anatoa mvuke. Wanavyosimulia wenyewe, ilikuja sheria mwaka 1853 ya kufunga baa za Scotland siku za Jumapili, wasafiri tu ndo walikuwa na nafuu, basi watu wakawa wasafiri! Wanapanda meli za mvuke kwenye mto Clyde, meli inaenda inarudi, humo ndani wanakunywa, jioni wanashuka na mvuke wao. Mskochi alivyonihadithia nikamwambia kaka subiri kwanza. Sisi tunasema mtu ana stimu. Stimu zimepanda. Ukimletea habari za madeni unamkata stimu. Na jirani zetu Kenya umeme ndo wanauita stima. Yule Mskochi alifurahi mpaka akaniandikia kwenye daftari lake, "stimu", na siku ya mwisho alikuwa anawafundisha wenzake kwa lafudhi ya ajabu sana. Na akili ile ya Jumapili tunaifahamu, viroba vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017 si mliona watu walivyopata maarifa mapya ndani ya wiki.

Waayalandi wana "locked", kafungwa kufuli, na "ossified", kawa mfupa. Nyuzilandi "munted", kaharibika, hata nyumba iliyobomoka ni hilohilo. Mnaijeria anakwambia "I don shak". Msauzi yeye anawahi asubuhi yake, ana "babalas", kalitoa kwenye Kizulu, ndo ile hali ya kuamka kichwa kizito ambayo sisi tunaiita mning'inio, na dawa yake Muingereza anaiita unywele wa mbwa aliyekung'ata, sisi tunaenda kuzimua. Kuzimua bado nasema ni zuri kuliko unywele wa mbwa.

Haya, nije kwenye magazeti alafu niende Barafu.

Uingereza gazeti likiandika mheshimiwa kalewa, mheshimiwa anaenda mahakamani kulishtaki. Kwaiyo mwaka 1967 gazeti la dhihaka la Private Eye, likimsema George Brown aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na mpenzi mkubwa wa glasi, likatumia maneno "tired and emotional". Kachoka na ana hisia. Basi, tangu hapo ndo msamiati, ukisoma mkubwa alikuwa "tired and emotional" kwenye hafla unajua kabisa alikuwa bwii. Kabla yake kulikuwa na waziri mkuu wao H. H. Asquith, 1908 mpaka 1916, watu walimpa jina la utani Squiffy, na "squiffy" ni mtu aliyechangamka na kinywaji. Na sisi je? Kwetu Kibosho nikiwa mdogo mama alikuwa hasemi baba kalewa, hata siku moja. Baba akirudi kutoka kwenye mbege, na mbege unajua haina haraka, ni ndizi na ulezi na ule uchungu wa msesewe, inakuja polepole kama mvua ya Machi, mama anatuambia "baba yenu kachoka leo, msimsumbue". Na alikuwa na hisia kweli, anaanza kutaja ng'ombe waliokufa. Mama hakusoma Private Eye.

Sasa hapo kwenye kuchoka ndo pana hatari.

Barafu ni kambi iko zaidi ya mita 4,600, ndo unalala pale masaa machache alafu saa sita usiku unaanza kwenda samiti, yani kileleni. Tulikuwa na mgeni wa Ireland, mwanaume wa miaka hamsini hivi, mcheshi, kila jiwe analitania. Tumefika kambini jioni kakaa juu ya ndoo akasema "lads, I'm wrecked". Asistanti wangu, kijana mzuri, anajisomea, alikuwa na orodha ya maneno kwenye simu na "wrecked" ilikuwepo na mbele yake imeandikwa: kulewa. Akacheka. Akaja kuniambia chifu mzee wetu ana chupa kaificha. Na kweli ukimuangalia jamaa anaongea pole pole, kamba ya buti inamshinda, akisimama anayumba, wenzake nao wanacheka wanasema kila mara yuko hivyo. Kijana akaenda kutafuta chupa kwenye begi. Mi nilikuwa kwenye hema la jikoni napanga maji ya usiku, kwaiyo nusu saa nzima imepita watu wanatafuta wiski ambayo haipo.

"Wrecked" ya Muayalandi ni kuchoka. Inaweza pia ikawa kulewa, ndo ubaya wake, ila ukimkuta mtu wa Dublin katoka kazini atasema "I'm wrecked" na hajagusa hata soda. Kama vile Muingereza anavyosema "shattered" au "knackered", yote kuchoka. Lakini "smashed" ambayo nayo ni kuvunjika, hiyo ni pombe! "Shattered" kuchoka, "smashed" kulewa, vyote ni chungu kimeanguka. Nani atajua bila kuambiwa?

Nilivyotoka jikoni nikamuona anavyotembea kwenda chooni, nikaacha kila kitu. Nikamshika mkono nikamwambia tembea kwenye mstari huu, kisigino mbele ya vidole, kisigino mbele ya vidole. Hatua ya tatu akaegemea kwangu. Huyo hajachoka na hajalewa, huyo mlima umemuingia kichwani, ubongo unavimba, na dalili yake inafanana na tilalila kiasi kwamba mtu akiwa mcheshi kwa kawaida unaweza usijue mpaka asubuhi, na asubuhi ikawa imechelewa. Hakuna mjadala hapo, ni oksijeni na kushuka. Tulishuka nae usiku uleule watu wanne na tochi za kichwani, tunamshika kwapani, mpaka kambi ya Mweka, na kila tulivyoshuka maneno yakawa yanarudi mdomoni kwake, kufika chini akatukana mawe, nikajua amepona.

Asubuhi yule kijana wangu hakunywa chai. Sikumgombeza, maana orodha yake haikuwa ya uongo, ilikuwa nusu. Na mhariri, hapo na nyie niwaguse kidogo kwa heshima. Orodha yenu mliyotoa ilikuwa nusu vilevile. Mmeandika "wasted", "pissed", "hammered", "wrecked", mbele ya yote mmeweka kulewa, kulewa, kulewa, basi. Wapi mmeandika nani anasema? Mzee wa Njiro anataka mtoe maneno yote libaki moja, mi nataka muyaache yote ila mbele ya kila neno muweke nchi, hili la Mmarekani, hili la Mskochi, hili Muingereza anamaanisha hivi Mmarekani vile, na lenye maana mbili mseme wazi lina maana mbili. Nafasi ikikosekana punguzeni lile tangazo la waganga.

Na wale wanaoendesha kozi za magaidi na wahudumu wa hoteli hapa Moshi na Arusha, sitaji chuo, mi nilikaa miezi nafundishwa majina ya ndege na mimea kwa Kilatini. Nayajua. Mgeni hajawahi kuniomba Kilatini saa tano usiku. Weka hata masaa mawili ya hii kitu, umuite mtu aliyefanya kazi baa ya watalii pale karibu na Mnara wa Saa Arusha aje afundishe, hao wahudumu wa kaunta wanajua kuliko sisi wote, wanaweza kumtambua Muaustralia kwa neno la kuagiza bia ya pili. Mlima wenyewe njia zake zina majina ya vinywaji, Marangu watalii wanaiita Coca-Cola na Machame wanaiita Whiskey, alafu kozini tunajifanya pombe haipo.

Mzee hofu yake nyingine ilikuwa vijana wakijua haya maneno watakunywa. Vijana wa Pasua hawajawahi kusubiri msamiati.

Jumamosi napokea kundi, Waskochi wanne na Waaustralia wawili, siku saba njia ya Machame, na nimeshamwambia asistanti kila jioni kambini tutawatembeza kwenye mstari wote sita, wanaojisikia vizuri na wanaochekacheka, hata kama watasema wao ni "grand", yani poa kabisa, au ni yai. Nikirudi nitakuwa nyumbani wiki moja. Mzee wangu wa Njiro ukisoma hapa, panda Kosta siku yoyote uje Moshi, kuna meku mmoja, yani mzee wa Kichaga, jirani yangu anapika mbege ya kistaarabu, tutakaa chini ya mgomba na kata moja mbili unieleze vizuri hilo neno moja lako. Ukizidiwa usihofu, nitampigia simu mama nyumbani mimi mwenyewe, nitamwambia mzee amechoka.

Wenu,
Gaidi wa Pasua, Moshi